Andiko Letu Halikuwa na Tatizo

Kila baada ya miaka saba, wanandoa huwasilisha andiko la mradi katani kueleza kwa nini ndoa yao iendelee. Safari hii letu lilirudishwa. Mhakiki aliandika: "Hamjaonyesha tatizo ambalo mradi huu unalitatua."

"Kwani sisi tuna tatizo gani, baba Eliamani?" Nakiete, mke wangu, aliuliza huku akicheka. Alikuwa anamenya ndizi.

"Unakoroma."

"Hilo tulishalitumia miaka saba iliyopita."

"Basi tubuni jingine," nikasema. Kila mtu hubuni. Nikafungua ukurasa mpya. Katika nyumba yetu yeye ndiye hodari wa maneno. Mimi kazi yangu ni kuandika.

Akamenya ndizi nzima kabla ya kusema. "Andika hivi. Mke huamka alfajiri kabla ya mume, akakaa jikoni peke yake na chai yake. Hapo hupata amani ambayo huondoka mara tu anaposikia mlango wa chumbani ukifunguliwa."

Akainua macho, akatabasamu. "Inatosha?"

"Inatosha," nikasema. "Umebuni vizuri."

Andiko likapita, na mhakiki akasifu hasa sehemu ya tatizo. Tulichinja jogoo, tukacheka mpaka machozi.

Siku hizi nikizinduka alfajiri, nasikia kijiko kikigonga kikombe kule jikoni. Nabaki kitandani macho wazi, nikimwachia dakika kumi zaidi.