Yadi za Colby

Nyinyi mashabiki mliukodolea macho ubao wa alama, goti la mdakaji mkalipa kisogo.

Colby, mrushaji wa mpira katika timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, aliliona limevimba mpaka ngozi inang'aa. Mchana kutwa alirusha pasi fupi tu. Mdakaji wake ndiye aliyekimbia nazo, na yadi zote zikaandikwa kwa Colby.

"Kaka, goti limekwisha. Mpe mwingine," mdakaji alisema.

"Zimebaki yadi kumi nivunje rekodi, na hao wengine wanatembea. Moja tu, mwanangu."

Akamrushia. Goti lilipokatika, Colby alisikia mlio wake. Nyinyi mlikuwa mnashangilia rekodi. Hakuthubutu kuinua mkono kuwapungia.

Chuo huwalipia masomo wachezaji wake; asiyekimbia halipiwi, na leo kinamfukuza mdakaji. Nendeni kwa mkuu wa chuo sasa hivi, mkakae mlangoni mpaka amrudishe.