Supu ya Kilimani

Tangu augue ile homa, ulimi wa Mbwana haukujua tena ladha. Mkewe, Riziki, aliyezoea kusutwa kwa kila mchuzi, sasa alirudishiwa sahani tupu na neno moja tu, "Asante." Neno hilo lilimnyima usingizi.

Ndipo akamleta mji huu wa Ulaya, wenye vichochoro vya mawe na mkahawa kila kona. Walitembea tangu asubuhi wakionja jibini, mikate ya moto, uyoga wa kukaanga. Kila mahali Mbwana alitafuna, akasema, "Asante."

Juu kilimani, mama mmoja mnene aliwawekea supu ya samaki. Riziki hakugusa kijiko. Alimtazama mumewe akimeza, akisita, akikunja uso.

"Mama Salha, huyu mpishi kamwaga chumvi kama anakausha samaki wa ng'onda."

"Kweli, Baba Salha?"

"Onja mwenyewe. Chakula gani hiki?"

Riziki hakuonja. Alinyanyua mkono juu kabisa, kama aitaye watu harusini, aletewe bakuli jingine la supu ile ile. Mbwana alikwisha kuinamia lake tena, akinung'unika.