Kifungo cha Uzi Mwekundu

Shati hilo mmishonari alilikuta kabatini, limeachwa na kijana aliyemtangulia katika kituo kile. Lilikuwa jeupe na zima, ila kifungo kimoja kilishonwa kwa uzi mwekundu. Ugenini huchagui; akalivaa.

Bibi mmoja aliyemfungulia mlango alipokuwa akihubiri nyumba kwa nyumba, macho yake yameingia ukungu wa uzee, alikipapasa kifungo kile kabla hata ya salamu.

"Umerudi, baba! Nilikishona mwenyewe, uzi mweupe uliponiishia. Ukasema utakuja kumwombea mzee wangu."

Mmishonari alifungua kinywa aseme si yeye. Dini yake ilimkataza uongo, hata wa mzaha. Lakini vidole vya bibi vilikuwa bado vimeshika kifungo kifuani pake.

"Nimerudi, bibi."

"Basi pita. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Amekungoja mno."

Chumbani, blanketi lilikuwa limetandikwa likanyooka, bila hata mkunjo mmoja. Kitandani hapakuwa na mtu.

"Mshike mkono," bibi akasema. "Anapenda kushikwa."

Mmishonari akapiga magoti, akanyoosha mkono juu ya blanketi, akafumba macho, akaogopa kukunja vidole, asije akashika mkono kweli.