Haragwe la Kuhesabia

Jumatatu ya pili tangu shule ifunguliwe, mwalimu mkuu alimfukuza Nyamizi kwa kuwa pua yake inanuka. "Mzee Kapufi, kamwogeshe mwanao. Harufu ikiisha ndiyo arudi," alisema, kana kwamba mgane hajui sabuni.

Kwenye zahanati, muuguzi alimwambia mtoto, "Tulia, mama," akaingiza koleo puani, akavuta taratibu. Likatoka haragwe la kuhesabia darasani, limevimba, limechipua kimzizi cheupe.

"Wakubwa hawa! Kunusa wanajua, kuchungulia hawajui," Kapufi alifoka. Kisha akalipokea kiganjani, likiwa bado na joto la mwanawe. Lilikuwa hai.

Nyamizi alivuta pumzi kwa tundu zote mbili, akaliinamia.

"Baba, tukilipanda litazaa?"