Sinki Lisilo na Ukingo

Sinki la Delmar lilikuwa na ukingo uliolalia kaunta, na chini ya ukingo huo uchafu haukuisha. Marehemu mkewe aliuchokoa kwa mswaki miaka yote. "Siku moja utaninunulia lisilo na ukingo, bahili wewe," alikuwa akisema.

Sasa Delmar alisimama dukani, huko Nebraska, akipitisha kiganja ndani ya sinki la chuma lenye pembe za mviringo. Kiganja hakikukwama popote.

"Mzee, unanunua sinki au unampima ng'ombe mimba?" mama muuzaji alimtania.

"Ng'ombe angeshanipiga teke. Nipe hili."

"Hili hufungwa chini ya kaunta, si juu yake. Kaunta yako ni ya nini?"

"Vigae. Mke wangu alivipanga mwenyewe."

Mama akaacha kucheka. "Hili linataka kaunta ya jiwe zima. Basi itabidi vivunjwe vyote, mzee wangu."

Delmar hakutoa mkono sinkini. Alitamani kumuuliza mtu mmoja tu, naye hayupo.

"Nifungashie, nalichukua," alisema.

Jumamosi alishika nyundo. Vilivunjika vigae mia moja na kumi na vinne, na chini ya kimoja, kwenye saruji, palikuwa na alama ya kidole gumba cha mkewe.