Sauti Aliyoisikia Bi Mwanamvua

Sheria inataka kila anayebadilishwa nyonga awe na ndugu wa kuvaa bangili. Kupitia bangili hiyo, ndugu huhisi mapigo ya moyo wa mgonjwa, na mapigo yakikatika, yeye peke yake huamua madaktari waendelee au waache.

Bangili ya Bi Mwanamvua aliivaa mumewe, Mzee Shekue, mwalimu mstaafu wa Korogwe.

Madaktari walipopigilia chuma ndani ya mfupa wa paja, mafuta ya uboho yaliingia kwenye damu, yakaziba mishipa ya mapafu. Bangili ikatulia.

"Mzee, tuendelee?" daktari aliuliza kwenye kipaza sauti kilichounganisha chumba cha upasuaji na chumba alimongojea Shekue.

"Endeleeni!"

Baada ya dakika ishirini akaulizwa tena. Shekue akamwaza mkewe akiwa hai lakini hamtambui mtu.

"Basi," akasema. "Mwacheni apumzike."

Kabla daktari hajaondoa mikono kifuani, moyo ukarudi.

Sasa Bi Mwanamvua anatembea bila mkongojo. Asubuhi moja, akikanda unga wa chapati, alisema, "Mume wangu, kule ndani nilisikia mtu akisema niachwe. Nani yule?"

"Labda daktari."

"Labda. Ila alisema kwa upole sana, kama mtu anayenijua."

Hakuuliza tena. Lakini siku hizi Shekue akisinzia kitini mchana, hushtuka na kumkuta mkewe ameinama juu yake, kiganja kifuani pake, midomo ikihesabu kimyakimya.