Uvimbe Mvivu

Daktari alicheka kabla hajatafsiriwa.

Mama alikuwa amesema, “Mwambie huu uvimbe ni mvivu kuliko marehemu baba yako, na yule alikuwa bingwa.” Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alikuwa bado anatafuta namna ya kuyasema hayo kwa Kiingereza bila kumvunjia baba yake heshima. Daktari tayari alikuwa ameinamisha uso, anafuta miwani. Basi tena, kicheko hakihitaji mkalimani.

Uvivu wenyewe ulianzia kwenye neno moja. Siku ya kwanza Mama alitangulia kuingia peke yake, kisha akachungulia mlangoni.

“Njoo unisaidie, mwanangu. Daktari mgeni huyu, Kiswahili hakipandi kabisa.”

Daktari akasema kwamba uvimbe ulio tumboni ni “indolent”. Mwalimu alifundisha Kiingereza sekondari, lakini neno hilo alilijua kwa watu tu: mtu mvivu, asiyejituma. Ikabidi afafanuliwe. Kidonda kikiitwa hivyo, ni kile kinachokataa kupona. Uvimbe ukiitwa hivyo, ni ule usiouma, unaokua polepole. Utaua, ila hauna haraka.

“Kasemaje?” Mama aliuliza.

Mwalimu akachagua. “Anasema uvimbe wako mvivu, Mama.”

“Afadhali! Maana mimi, siku nikiambiwa nakufa, nitakufa siku hiyohiyo kwa woga. Unanijua.”

Mwalimu alimjua, na kuanzia hapo akaufunga mdomo wake. Nyumbani uvimbe ukapewa jina, ukawa kama mpangaji. “Mvivu kaamkaje?” Mama alikuwa akiuliza huku wanamenya viazi. “Bado amelala,” Mwalimu alijibu, nao wakacheka hadi kisu kikaanguka.

Ikafika siku daktari hakulitumia tena neno lile. Alisema uvimbe umeamka, umefika kwenye ini, na dawa hazifui dafu. Aliongea taratibu, macho mezani, kwa Kiingereza chepesi.

“Kasemaje?”

Mwalimu akachagua tena. “Anasema bado ni mvivu.”

Daktari hakuinua macho. Mama alimshika binti yake mkono, wakatoka.

Baada ya hapo Mama alikonda akabaki macho matupu. Alianza kugawa nguo zake, eti kabati limejaa. Hata alipokuwa hawezi kugeuka kitandani aliuliza Mvivu kaamkaje, na Mwalimu alijibu amelala, kisha akaenda kulia bafuni huku amefungua bomba. Asubuhi moja aliulizwa, akajibu, na hakuna aliyecheka.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayemficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe. Msibani watu walimpa Mwalimu pole, naye alizipokea kama mwizi. Mama yake hakumuaga, na angemuagaje, wakati hakujua kwamba anaondoka? Kwaheri ile ameiiba yeye, kwa mdomo wake.

Baada ya mazishi alirudi hospitali. Alisimama mbele ya meza ya daktari, akaanza kutubu kwa Kiingereza chake cha darasani: kwamba alidanganya tangu neno la kwanza, kwamba daktari alisema hivi yeye akasema vile, kwamba mama yake amekufa kama kipofu.

Daktari alivua miwani, akamvutia kiti.

“Pole sana, Mwalimu,” alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka. “Mama nilimwambia yote siku ile ya kwanza, kabla hujaingia. Akanishika mkono, akasema, ‘Mwanangu akijua kwamba najua, atalia mpaka siku ya mwisho. Akija, wewe ongea Kiingereza tu. Mwache anifiche.’”